Mgeni Niliyemkaribisha Mtoni

Mimi mizuka nimeitunga kwa miaka, kwa hiyo ukiniambia na huyu nimemtunga sitakukasirikia sana. Lakini huyu sikumtunga. Ningemtunga mimi angeshika mshumaa, angelia kwa sauti nyembamba, na angetokea usiku wa giza, maana hivyo ndivyo wageni wanavyopenda. Huyu alikuja mchana, saa ya adhuhuri, akala chapati yangu. Wallahi alikula, na mimi nilikuwa na njaa.

Kazi yangu ni kutembeza wageni, Mji Mkongwe na magofu ya nje ya mji. Usiniite papasi, tafadhali. Papasi humkimbilia mgeni, mimi wageni hunitafuta. Zamani nilikuwa nikieleza historia tu: huyu alijenga, huyu alirithi, hapa paliungua. Siku moja nikawa na mzee mmoja kutoka Ayalandi. Alisimama katikati ya magofu ya jumba la mfalme pale Mtoni, akayatazama yale mawe, akaniuliza, "Na mzuka wenu yuko wapi?" Nikamwambia hatuna. Akasikitika kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha. Akanieleza kwamba kwao kila ngome iliyobomoka ina mzuka wake, una jina, una ngazi unayoipenda, na watu hufunga safari kwenda kuusikiliza ukilia. Toka siku hiyo nikaona haifai jumba zima la mfalme likose kitu ambacho kila ukuta wa Ayalandi unacho. Nikawatungia binti wa kifalme anayelia hamamuni, kwenye yale mabafu ya zamani. Wageni wakafurahi, na mimi nikazidi kumtia chumvi kila wiki.

Hayo ni ya kazini. Nyumbani, Kiponda, nilikuwa na jambo ambalo halikuwa la mchezo. Mama yangu alikuwa anakufa kwa kutokula.

Nikueleze vizuri. Baba yangu alikuwa na wake wawili, mama yangu mke mkubwa na Bi Salma mke mdogo. Baba alipofariki, watu wote wakadhani wake wenza hawa wataachana, kila mtu arudi kwao, maana walikuwa wakigombana hata juu ya upepo. Hawakuachana. Walibaki nyumba moja, ghorofa moja, sinia moja. Kila mchana wakiweka wali katikati, huyu anakaa huku, yule anakaa kule, na ugomvi unaanza: chumvi imezidi, nazi imepungua, marehemu alimpenda nani zaidi, na kichwa cha samaki ni haki ya nani. Bi Salma hukinyakua kichwa, mama humlaani, kisha wanacheka mpaka wanapaliwa. Nimekua nikisikia kelele hizo, nami nikidhani ni kelele.

Bi Salma alipofariki, mama hakulia sana. Aliacha kula tu. Kijiko kimoja, viwili, "Nshashiba, mwanangu." Nikampeleka hospitali, wakampima damu, wakampima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Daktari akaniambia kwa upole kwamba mtu mzima akikataa chakula hivi hachukui muda, na hali ikiendelea itabidi alishwe kwa mpira wa puani. Basi mimi nikafanya yote anayoyafanya mtoto anayempenda mama yake. Nilimpikia supu ya kuku, uji wa mchele, ndizi laini za nazi. Nilimnunulia sahani yake nzuri ya maua, na kijiko chake, na treya ndogo ya kuweka mapajani. Asubuhi napika, nampakulia, nafunika, nakimbilia kazini. Jioni narudi, nafunua kawa, na chakula kiko vilevile. Bangili zake zilikuwa zikiteremka mpaka kwenye vidole. Nilikuwa nikiziangalia zile bangili naingia jikoni kulia, na jikoni kwetu ni padogo, hata kulia inabidi ukunje viwiko.

Sasa turudi Mtoni. Siku hiyo wageni wangu, mume na mke, walikuwa upande wa pwani wakipigana picha. Mimi nikakaa juu ya ukingo wa hamamu la zamani, penye mfereji wa mawe ambao tangu niijue Mtoni sijauona hata na tone la maji, nikafungua bakuli langu la chapati na maharage ya nazi. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha punde tu. Akapita bibi mmoja mtu mzima. Alivaa kanzu fupi ya hariri na suruali ya marinda, ile yenye mikunjo vifundoni ambayo mimi nimeiona kwenye picha za makumbusho tu, na kifuani alibandika kikuba cha asmini na mrehani. Nikajisemea, hoteli hizi nazo jamani, zinawavisha watu maigizo mpaka wazee. Wala sikutazama kivuli. Saa ile kivuli cha kila mtu kimejikunja chini ya nyayo zake, kwa hiyo hata ningetazama nisingejua kama anacho.

Hapa ndipo nilipojiponza, na wewe ungejiponza vilevile. Kwetu mtu akikupitia unakula, unasema "Karibu". Unasema hata kama kilichobaki ni tonge moja, unasema kinywa kimejaa. Na mpita njia naye anaujua wajibu wake. Husema "Starehe", akaenda zake. Hakuna anayelifikiria. Kwa umri wangu huu wote sijapata kumwona mtu wa njiani akaambiwa karibu, akakaa.

"Karibu," nikasema, macho yako kwenye maharage.

Sikusikia starehe. Nilisikia, "Ahsante, mwanangu. Nshakaribia."

Akakaa ng'ambo ya bakuli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamkiwa na wengi. Kisha akainama kwenye ule mfereji mkavu, akatia mikono, akaitoa inachuruzika maji.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nitakimbiaje, na mgeni ndiyo kwanza ananawa? Nilibaki nimeshika chapati hewani. Tena akasema Bismillahi, wazi kabisa, na sisi tumelelewa tukiamini kwamba kitu kibaya hakiwezi kulitaja jina hilo kisha kikaendelea kutafuna. Moyo ukatulia kidogo. Akala kwa adabu, upande wake tu, na yale maharage yaliyoganda nazi nzito akawa anayasukuma kwa kidole yaje upande wangu. Nikaona haya. Chakula ni changu, lakini yeye ndiye aliyekuwa akinikirimu.

"Nyumbani unakula na nani?" akaniuliza.

"Nina saa ya kula mimi, bibi? Ni hapa hapa, nikipata."

"Na mamako?"

Mimi mama sikuwa nimemtaja. Nilikuja kulifikiria hilo baadaye. Wakati ule nilijibu tu. Nikamwambia mama hali chakula. Nikamwambia na habari ya bangili, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Alinisikiliza bila kunikatiza, bila kuniambia subiri, bila kunitajia dawa ya rafiki yake. Alipomaliza kula alisema alhamdulillahi, akasimama, na mimi, kwa kuwa nimelelewa na mama yangu, nikasema lile neno ambalo sote huwa tunalisema.

"Karibu nyumbani, bibi."

"Wapi?"

Nikacheka. Nikamwelekeza: Kiponda, kichochoro cha nyuma ya soko la samaki wakavu, nyumba yenye baraza iliyomeguka. Akasema inshallah. Nilipogeuka kuwaangalia wageni wangu na kurudi kumtazama, pale palikuwa na harufu ya asmini peke yake. Machano, dereva wetu, alikuwa ameegemea gari akinitazama kwa jicho la huruma.

"Dada, umechoka," akaniambia. "Siku hizi unazungumza peke yako hadi unacheka."

Jioni nikapanda ngazi za nyumbani. Ngazi zetu ni za mbao za zamani, hata paka akipanda zinalia, na zilipolia mama akaniita kutoka juu. Sauti yake ilikuwa na nguvu. Nikaingia, nikaona sinia kubwa, lile la shaba ambalo halikuteremshwa ukutani tangu msiba wa Bi Salma, limeoshwa na kuegemezwa lichuje maji. Sahani ya maua ilikuwa mahali pake, kavu, na supu niliyoiacha imefunikwa haikuguswa. Jikoni kulikuwa na sufuria ya wali. Mama alikuwa amepika, yeye mama, ambaye asubuhi nilimwinua kitandani kwa mikono miwili.

"Mgeni wako kaja," akasema. "Mbona hukunambia unaleta mgeni? Nimehangaika hapa, nyumba haina hata kitoweo, ikabidi nimwite muuza samaki dirishani."

"Mgeni gani, mama?"

"Uliyemkaribisha Mtoni. Bi Zafarani. Anakula vizuri huyo, hana maringo."

Sikujua nicheke au nipige kelele. Nikamuuliza kavaa nini, akanieleza marinda, akanieleza kikuba. Nikamwambia, mama, yule si mtu. Mama akanitazama kama ninavyotazamwa ninapounguza nazi.

"Mie mzee, si mjinga. Kapanda ngazi zile na hazikulia. Unadhani sikujua?"

"Na ukala naye!"

"Nimfukuze? Umemwita wewe."

Basi Bi Zafarani akawa mgeni wa kila adhuhuri. Mimi nikiwa kazini yeye yuko kwetu. Nikirudi nasikia habari zake: leo kasema nazi yetu nyepesi, leo kagombana na mama juu ya pilipili, leo wamecheka. Na mama, niamini, alianza kunawiri. Mashavu yalijaa. Bangili zikapanda zikakaa kwenye kifundo cha mkono mahali pake. Akaanza kuteremka barazani, akaanza kunisuta kwa nguo ninazovaa kazini. Wewe ungefanya nini? Nilikuwa naogopa na kushukuru kwa pamoja, na ukiniuliza kipi kilizidi nitakwambia kushukuru.

Aliyenitia hofu ya kweli ni jirani yetu Bi Kidawa, ambaye hukaa barazani kutwa na hapitwi na jambo.

"Mamako anacheka na nani saa za adhuhuri?" akaniuliza.

"Na mgeni."

"Mgeni gani asiyepita mlangoni? Paka wako akitoka mie namwona."

Nikamweleza yote. Bi Kidawa hakushtuka kama nilivyotarajia. Aliacha tu kuchambua mchele wake. Akaniambia kwamba tatizo si kula. Tatizo ni ada. Aliyekirimiwa hukirimu. Kila mgeni mwenye adabu, akishakula kwako ya kutosha, lazima siku moja aseme, nawe karibu kwangu. "Sasa yule," akasema, "kwake ni wapi? Na mamako utamjua. Akiitwa na mtu aliyekula chakula chake, atakataa?"

Nilipanda ngazi mbiombio. Nikamkuta mama anakunja khanga. Nikamuuliza waziwazi: Bi Zafarani akikwambia twende kwangu, utasemaje?

Mama akaendelea kukunja. "Nikiitwa kwa adabu, n'takataa vipi?" Kisha akasema polepole, "Na huko atakuwepo Salma."

Nilikaa chini. Mwenye mama atanielewa. Nilikuwa nimepata ahueni ya mama yangu kutoka kwa mtu ambaye angeweza kumchukua kwa neno moja la heshima, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwelekeza nyumba. Bi Kidawa naye alikuwa na dawa yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Mpe kwelikweli," akanisisitiza. "Mgeni akipewa jembe anajua neno lake, aliye hai na aliyekufa." Sasa nani ana jembe Mji Mkongwe? Ilibidi niombe la Machano, anayelima muhogo nyuma ya nyumba yake Bububu, nami nikapita nalo vichochoroni nimelitia kwenye mfuko wa khanga, mpini umechomoza juu, watoto wananiuliza kama nimehamia shamba.

Siku ya pili yake sikwenda kazini. Adhuhuri nikapanda ngazi na jembe langu, zikalia zote, nikasimama mlangoni. Walikuwepo. Sinia katikati, wali unatoa moshi, samaki wa kupaka juu yake na kichwa chake. Mama upande huu, yule bibi upande ule, kikuba kifuani, uso wake mwembamba mzuri, na mwanga wa dirishani umempitia begani bila kusimama. Wote wawili wakaligeukia jembe.

"La nini?" mama akauliza. "Kuna kaburi la kuchimba?"

Bi Zafarani akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Mimi maneno niliyoyapanga njia nzima yakaniruka. Badala ya kusema jembe hili hapa, fanya kazi au nenda, nikajikuta nasema kwa sauti ya mtoto:

"Bibi, usinichukulie mama yangu."

Akaacha kucheka. "Mie sichukui mtu, mwanangu. Mtu huitwa, akaja mwenyewe."

"Basi usimwite."

Akasema kwao walikuwa wanawake wengi, wengine wakipendana na wengine hawasemezani, lakini saa ya chakula hakuna aliyekula peke yake, hata aliyenuniwa. Kisha watu wakahama, wengine wakafa, nyumba ikaanguka, naye akabaki akingoja sinia liwekwe. "Wanapita wengi siku hizi," akasema. "Wanakula mikate yao wamesimama, wanapiga picha, wanakwenda. Wewe ulinambia karibu. Nikaja. Nikakuta mahali pa wazi, nikakaa."

"Mahali pa nani?"

Akamtazama mama. Mama akatazama wali.

"Mwanangu," mama akasema, "wanipikia vizuri, Mungu akubariki. Lakini waniwekea treya kama wanavyowekewa wagonjwa, unafunika, unakwenda. Mie njaa n'nayo. Siwezi kula na ukuta."

Nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia nani basi atafanya kazi, nani atanunua dawa, nimekufanyia hili na lile, nimekununulia na sahani ya maua! Mama akasema sahani ni nzuri. Alivyolisema hilo, kwa upole, kama mtu anayemsifia mtoto mchoro wake, hasira yangu ikaisha yote ikawa machozi. Maana nilikumbuka mimi mwenyewe, tangu Bi Salma afariki, sijala na mama yangu tonge hata moja. Nilikuwa nimehangaika na chakula mpaka nikasahau kula.

Nikaliegemeza jembe ukutani. Nikanawa. Bi Zafarani akasogea kidogo kunipisha, nami nikakaa kati yao, nikasema Bismillahi. Tulikula watatu. Mwanzoni nilichota upande wangu tu, mbali na mkono wake, lakini baada ya tonge chache mama akasema chumvi imezidi, mimi nikasema haikuzidi, yeye akasema ulimi wako umekufa kwa chapati za mjini, na tukashindana hapo mpaka nikasahau nimekaa na nani. Kichwa cha samaki akakinyanyua Bi Zafarani. Mama akafumbua kinywa amlaani. Yule bibi akakiweka mbele yangu.

Kisha akasema alhamdulillahi, akainuka. Mama, kwa furaha yake, akasema, "Karibu tena, Bi Zafarani."

Nilijua kinachofuata, kila mtu wa kwetu anakijua. Mgeni aliyekula siku zote hizo, na akaambiwa karibu tena, hana budi kusema, ahsanteni, nanyi karibuni kwangu. Asiposema ni mtovu wa adabu, na huyu alikuwa mtu wa jumba la mfalme, aliyelelewa kwa adabu tangu hajaota meno. Niliona mdomo wake ukianza. Niliona mama amemwinulia uso, anangoja, na katika ule uso nikaona kabisa kwamba angekubali.

Bi Zafarani akanitazama mimi. Nadhani lilimgharimu, maana alishika kikuba chake kwa nguvu kama mtu anayejizuia. Halafu akasema, "Starehe."

Basi. Neno la mpita njia. Akageuka, akateremka ngazi, na hazikulia.

Mama akasema, "Hakuniita." Nikamwambia hakukuita. Akakasirika siku nzima, akasema watu wa majumba wana majivuno. Mimi nilimwacha aseme. Mpaka leo namwombea dua yule bibi kila baada ya sala, maana amekula kwetu na kuondoka na aibu ambayo haikuwa yake, ili mimi nibaki na mama.

Tangu hapo hajarudi nyumbani kwetu. Mama yu hai, yuko mbele yangu hapa anauliza naandika nini, na amenenepa kiasi kwamba ngazi zinamlilia zaidi kuliko zinavyonililia mimi. Wageni siku hizi nawachukua asubuhi au alasiri. Adhuhuri yangu ina mwenyewe. Nagombana na mama juu ya chumvi kila siku ya Mungu, na kichwa cha samaki ananinyang'anya. Yule binti wangu wa kulia hamamuni nimemwachisha kazi. Wageni wakiniuliza mzuka wa Mtoni yuko wapi, nawaambia waketi wale kwanza, na wale pamoja. Kitu kimoja hakijaniacha: siwezi tena kula peke yangu. Nikijaribu, chakula kinakuwa kama mchanga, na kutoka mahali fulani inakuja harufu ya asmini, inanikaa karibu kabisa, kama mtu anayengoja nimkaribishe.

Sasa nikuonye, maana nimekuhadithia kwa ajili hiyo. Ukipita magofuni mchana, sema karibu ukitaka, lakini ujue kuna watu huko ambao bado wanalichukulia neno hilo kuwa kweli. Na hata usipofika Mtoni, mahali pa mtu kwenye sinia hapakai wazi muda mrefu. Leo mpigie simu mama yako, umuulize mchana amekula na nani. Akikutajia jina usilolijua, nenda nyumbani.